Jibu: Mizunguko ya wiki 2 isiyokamilika chuoni
Salaam ndugu. Umeeleza kwamba timu yenu ya huduma za kidijitali hupanga kazi za wiki 2, lakini maombi ya walimu huingia katikati na mfumo wa usajili haukamiliki. Kwanza angalieni ni nani hasa mwenye mamlaka ya kusema "hili lisubiri". Kwetu hakuwapo, na kwenye ubao wetu wa kazi, kadi ya fomu ya usajili ilikaa kwenye safu ya "inaendelea" muhula mzima huku tukihangaika na nywila na projekta. Tulipomteua msajili apange kipi kitangulie, na fundi mmoja kwa zamu apokee dharura zote, kadi ile ilisogea. Scrum, yaani utaratibu wa timu kupanga kazi kwa mizunguko mifupi, inaruhusu mzunguko wowote usiozidi mwezi 1, hivyo mnaweza kuurefusha, ila msizindue lolote jipya wiki ya mitihani.