Transit yangu imekataliwa kwa moshi

Swali: Shikamoo fundi. Naishi Leicester, nina Ford Transit ya 2003, dizeli yenye turbo. Imefeli MOT, ukaguzi wa magari wa Uingereza, kwa moshi mweusi. Muuza vipuri anataka ninunue nozeli zote nne za kupulizia dizeli. Ninunue?

Jibu: Marahaba. Tafadhali zuia pesa yako kwanza. Moshi mweusi ni mafuta kuzidi hewa, basi anza na hewa. Chujio likiwa chafu, weka jipya. Kisha fuata mpira mnene utokao kwenye turbo, upapase upande wa chini, hasa kwenye klampu. Vidole vikitoka na oili, tafuta mpasuko hapo. Inaniuma kuona watu wakinunua nozeli huku mpira unavuja. Safisha pia vali ya EGR, ile inayorudisha sehemu ya moshi kwenye injini; masizi huigandisha ikiwa wazi.

Karatasi ya ukaguzi inaonyesha kipimo chako cha uzito wa moshi. Kikomo cha turbo ya umri huo kwa kawaida ni 3.0. Ukiwa umezidi kidogo tu, hayo yaweza kutosha. Ukizidi sana, peleka nozeli zikapimwe kabla ya kununua.

Siku ya kurudi, fika injini ikiwa moto kabisa, na oili iwe kwenye alama yake, kwa sababu mkaguzi atakanyaga mafuta hadi mwisho.