Besi Imeniishia Tangu Nipasuliwe Moyo

SWALI: Habari za kazi, binti yangu. Nina miaka 63, nalima zabibu huku Mpunguzi. Hii ni wiki ya saba tangu nifanyiwe upasuaji wa moyo Dar, nikapandikizwa mishipa mitatu. Yale maumivu ya kifua yameisha, lakini pumzi hakuna. Kwenda shambani, mita 200 hazifiki, nasimama mara mbili. Kanisani naimba besi. Jumapili niliishiwa katikati ya mstari, wenzangu wakaniacha. Wanangu wamenikataza kila kitu, nashinda kitandani. Jirani anasema ni vumbi la Dodoma limeingia kifuani. Hospitali walinipa kidude cha plastiki chenye vipira vitatu, hakuna aliyenieleza matumizi, sasa mjukuu anakichezea. Je, moyo umeshindwa tena?
Mzee wa Besi

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Kwanza mnyang'anye mjukuu hicho kidude, kioshe mrija kwa maji ya moto na sabuni. Tutakihitaji.

Vumbi tulisamehe. Ili kuufikia moyo, daktari alipasua mfupa wa kidari toka juu hadi chini, kisha akaufunga kwa nyaya za chuma. Mara nyingi moyo husimamishwa, mashine ikasukuma damu, na mapafu hulala yamesinyaa. Sehemu ya chini ya pafu la kushoto ndiyo huchelewa kufunguka. Tena mshipa mmoja wa kupandikiza kwa kawaida hutolewa nyuma ya mbavu za kushoto, na karibu yake inapita neva inayoendesha kiwambo, ule msuli mpana kati ya kifua na tumbo. Neva hiyo ikiguswa, au ikipigwa na baridi ya barafu ya kupozea moyo wakati wa upasuaji, kiwambo hulegea kwa wiki, pengine miezi. Weka na maumivu juu yake: mwenye kidonda kifuani huvuta pumzi za juu juu. Siku za mwanzo, hewa anayoweza kuvuta mgonjwa hupungua kwa theluthi hadi nusu. Hurudi polepole, na wengine hata mwezi wa nne hawajafika walipokuwa.

Kwa hiyo kuhema wiki ya saba hakunishangazi. Kinachonitia wasiwasi ni kitanda.

Kaa wima kwenye kiti. Toa pumzi, funga midomo kwenye mrija, kisha uvute. Usipulize! Nina miaka 19 wodini na bado naona watu wanapuliza, halafu wanalalamika kidude kibovu. Vuta taratibu mpaka kipira kipande, kishikilie juu ukihesabu hadi tatu, achia. Mara 10 kila saa ukiwa macho. Ukisikia kizunguzungu, pumzika. Ukikohoa, kumbatia mto kifuani.

Asubuhi jua halijachoma, tembea safu moja ya mizabibu, kwenda na kurudi, kwa mwendo unaokuruhusu kuongea. Baada ya siku mbili ongeza safu. Jembe, kupogoa na ndoo ya maji bado, maana kidari huhitaji kama wiki 12 kushikana. Hapo wanao wana haki. Na jiko la mkaa likiwashwa, toka nje.

Leo lala chali, weka mkono tumboni. Ukivuta pumzi, mkono upande. Ukizama, waeleze kliniki wakague kiwambo. Eksirei pia itaonyesha kama kuna maji yamebaki pembeni ya pafu la kushoto, jambo tunaloliona sana.

Ila usingoje tarehe ya kliniki kama huwezi kulala bila kurundika mito, uzito umepanda ghafla na miguu imevimba, una homa, kidonda kinatoa usaha, au kidari kinagonga unapokohoa. Pumzi ikikatika ghafla, maumivu ya kifua yakirudi, au mguu mmoja ukivimba na kuuma, nenda saa hiyo hiyo, hata usiku. Hapa mjini Hospitali ya Benjamin Mkapa ina huduma za moyo, si lazima urudi Dar.

Sasa besi. Jumapili kabla ya ibada, vuta pumzi moja, uhesabu kwa sauti mpaka iishe. Andika namba kwenye kalenda ya ukutani, na wiki inayofuata vivyo hivyo. Kwayani rudi hata kesho, ila imba umekaa, na mstari mrefu uvunje katikati. Waimbaji wa besi mko wengi, hakuna atakayegundua. Nitumie namba yako ya kwanza.