Mkuu usikae kwenye hiyo meza ya pakiti moja

Hapana mkuu. Hapana kabisa. Usikae hapo.

Kwa wanaoukuta uzi katikati, jamaa anasema yuko Dallas, wanaenda Las Vegas watu wanne mwisho wa mwezi, ameshaikariri besiki strateji ya blackjack (ule mchezo wa karata wa kumshinda mgawaji kwa kuikaribia 21 bila kuipita; hiyo strateji ni chati ya kukuambia ufanye nini kila mkono) karibu yote, na ameuliza vitu vinne: app gani nzuri ya mazoezi, bima achukue au aache, kuhesabu karata mtu wa kawaida anaweza, halafu mwisho kabisa akatupia sentensi moja kama siyo kitu, kwamba ameona video wanasema meza ya pakiti moja ya karata ndo bora kuliko za pakiti sita, na ameshaipata ya dau la dola 15 kwahiyo atakaa hapo. Hiyo sentensi ndo imenifanya niache kula nianze kuandika.

Mimi nilikaa hapo hapo. Neno kwa neno, sababu ile ile, video kama hiyo hiyo.

Naendesha lori, nina mwaka wa sita sasa, na njia yangu ya mara nyingi ni Salt Lake City kushuka Los Angeles kwa I-15, kwahiyo Las Vegas naipita kama unavyopita Chalinze. Kuna kipindi nilikuwa nikimaliza masaa yangu ya kuendesha ya wiki inabidi nikae saa 34 ndo nianze kuhesabiwa wiki mpya, na nikawa nazimalizia pale. Nikasema ngoja nijifunze kitu cha akili, siyo kuvuta mashine za matunda kama wazee. Nikanunua kozi ya jamaa mmoja wa YouTube, dola 149, na miezi mitatu nzima nikilala kwenye kabini usiku nakariri chati. Niliijua kuliko namba ya simu ya mke wangu. Karata zako zikiwa jumla 16 dhidi ya 10 ya mgawaji iliyo wazi juu, unaomba karata nyingine. 12 dhidi ya 3 unaomba, 12 dhidi ya 4 unatulia, yaani huongezi karata. Ree mbili unatenganisha, 8 mbili unatenganisha, 10 mbili usiguse. Ree na 7 ukikutana na 9 unaomba, hapo wengi wanatulia wakidhani 18 inatosha. Ukiniamsha saa tisa usiku nakujibu.

Na huyo mwalimu akasema, nakumbuka hadi sauti yake: tafuta meza yenye pakiti chache, pakiti moja ndo kila kitu. Sasa uchungu wangu ni kwamba hajadanganya. Pakiti moja kweli inampa mchezaji nafuu kuliko pakiti sita, kama nusu asilimia hivi, SHERIA NYINGINE ZOTE ZIKIWA SAWA. Hicho kipande cha mwisho ndo hakukisema. Masaa kumi na kitu ya video, hajakisema hata mara moja.

Nikaingia na dola 2,000. Na hizo siyo hela za kuchezea, sehemu yake ilikuwa bati za nyumba ya mama Chanika, nilikuwa nimeshamwambia wiki ijayo zinatoka. Nikaona meza, pakiti moja, mgawaji anazishika mkononi kama tunavyocheza nyumbani, nikakaa. Usiku wa kwanza naenda napanda nashuka. Nikipata blackjack yangu (ree na karata ya kumi kwenye karata mbili za kwanza) kwa dau la 25 nasukumiwa chipsi mbili (zile za kuchezea, siyo za mayai), ya kijani na nyekundu, nafurahi, nakusanya, sihesabu. Nani anahesabu akiwa ameshinda? Hapo ndo wanakukamatia.

Usiku wa pili nimeshapoteza kama 900, nikapandisha dau mpaka 100. Ikaja ree ya shupaza na kingi ya kopa. Blackjack safi, mgawaji ana 6 juu, hana lolote la kunifanya. Nikajua 150 hiyo inakuja. Yule dada akanisukumia nyeusi moja ya mia na nyekundu nne za tano tano. 120. Nikamwambia dada umenipunja 30. Hakubishana, wala hakukunja uso, alisogeza glasi yangu ya soda kidogo akanyooshea kidole kitambaa cha meza. Imeandikwa pale kwa herufi nyeupe, ina upinde kabisa kama bango la harusi, blackjack inalipa 6 kwa 5. Ilikuwa chini ya mkono wangu usiku mbili. Nilikuwa naiwekea glasi juu.

Msimamizi wa meza akaja, mpole, akanielezea vizuri tu, nikaona jirani zangu wananiangalia, nikaokota vyangu. Nikaendelea kucheza kwa hasira dakika arobaini nyingine kwenye meza ile ile, sijui nilikuwa namkomoa nani, na nikatoka na dola 140 kati ya zile 2,000.

Sasa sikiliza hesabu maana nilikaa nayo kwenye kabini mpaka kunakucha. Meza ya zamani, ya haki, inalipa 3 kwa 2. Yaani umeweka 100 unapata 150. Hii nyingine ya 6 kwa 5 unapata 120. Mtu akiangalia kwa haraka anaona 6 na 5 ni namba kubwa kuliko 3 na 2, na naamini kabisa wapo wanaokaa wakidhani wamepewa zaidi. Blackjack inakuja kama mara moja kila mikono 21. Kila ikija, umeachia senti 30 kwa kila dola uliyoweka. Igawanye hiyo kwenye mikono yote, inakuwa kama asilimia 1.4 ya kila dola unayoweka mezani, hata kwenye mikono ambayo hujapata kitu.

Na hiyo chati uliyokariri wewe, niliyokariri mimi, kazi yake yote, jasho lote lile, ni kushusha anachokula kasino mpaka kwenye nusu asilimia hivi kwenye meza yenye sheria nzuri. Nusu! Halafu unaenda kukaa mahali wamekuongezea 1.4 kwa mstari mmoja wa maandishi. Ile nafuu ya pakiti moja unayoifuata imeliwa karibu mara tatu yake.

Mimi nilicheza kama mikono 600 kwa usiku mbili, wastani wa dau dola 40 hivi. Hiyo ni blackjack 28 au 29, kila moja nimeachia dola 12. Zaidi ya 330 nimewapa bure kabisa, bila kukosea mkono hata mmoja. Sisemi hela zote zile zilienda kwa 6 kwa 5, nyingine ni bahati mbaya ya kawaida na nyingine ni ile hasira ya mwisho, lakini bahati mbaya ninaweza kuisamehe, karata ni karata. Hiyo 330 ilikuwa imeandikwa mbele yangu.

Kingine kinachoniuma ni hiki. Ule mkono wa 12 dhidi ya 4 ambao nilikesha naukariri, ukikosea ukaomba karata badala ya kutulia, unachopoteza hakifiki hata senti moja kwa kila dola. Senti moja! Na kozi ina somo zima la dakika ishirini la mkono huo. Dakika ishirini za senti moja, na sekunde sifuri za senti thelathini. Nilimwandikia yule mwalimu nikamwambia mbona hukutuambia, akajibu kila meza ina sheria zake kaka, akaniwekea na linki ya kozi ya pili. Dola 149 alishakula. Alikuwa na muda wa kutuonyesha saa yake na gari lake, hakuwa na muda wa kusema soma kitambaa.

Na chati yenyewe wala siyo siri ya mtu yeyote, hakuna sababu ya kumlipa mtu. Waliipiga hesabu vijana wanne wa jeshi la Marekani pale Aberdeen, Maryland, Baldwin, Cantey, Maisel na McDermott, na mashine za mezani za kujumlishia, wakaitoa kwenye jarida la takwimu mwaka 1956. Baadaye kompyuta zikaja zikakuta walikuwa karibu sawa kabisa. Lakini wale walipiga hesabu ya mchezo unaolipa 3 kwa 2, kwa sababu ndo mchezo uliokuwepo. Hii 6 kwa 5 imetapakaa pale Strip, ile barabara ya makasino makubwa ya Las Vegas, kuanzia miaka ya 2000, na walianza kuisambaza kwa mlango gani? Kwa hizo hizo meza za pakiti moja, kwa sababu walijua watu wameshasikia pakiti moja ni nzuri. Yaani ule ushauri wa video ndo chambo chenyewe.

Kwahiyo kabla hujatoa hata noti mfukoni, simama nyuma ya viti, usikae, soma kitambaa. Ukiona 6 na 5, geuka. Usiseme ngoja nicheze kidogo tu, usiseme dau lake dogo. Hilo dau dogo ndo bei ya kukuingiza. Kama maandishi huyaoni, au meza ni ya skrini, muulize mgawaji blackjack inalipa ngapi, atakujibu, hawafichi. Na zile mashine za skrini ziangalie zaidi maana nyingine zinalipa moja kwa moja, umeweka 10 unapata 10, hiyo ni mbaya kuliko hata ile ya 6 kwa 5.

Ukishapata 3 kwa 2 ndo uanze kuangalia mengine. Pale pale kwenye kitambaa huwa wanaandika kama mgawaji anatulia kwenye 17 zote au anaomba karata akiwa na 17 laini, ile yenye ree inayohesabiwa 11. Akitulia ni bora kwako, akiomba anakula kama 0.2 ya asilimia zaidi. Ni kitu, lakini siyo kitu cha kukukosesha usingizi. Nipe 3 kwa 2 yenye pakiti sita na mgawaji anayeomba, siku yoyote, kuliko pakiti moja ya 6 kwa 5.

Bima umeuliza. Usichukue. Haina uhusiano na mkono wako, ni dau la pembeni mgawaji akiwa na ree juu, kwamba karata ya mgawaji iliyofichwa ni ya kumi. Karata aina 13, za kumi ni aina nne: 10, jeki, kwini, kingi. Weka bima ya 100 mara 13, utashinda mara nne, 200 kila moja, ni 800. Utapoteza mara tisa, 900. Umetoa 100 kwenye 1,300. Na wakikukuta una blackjack yako na wao wana ree juu, watakuambia kwa sauti ya huruma kabisa chukua hela sawa kwa sawa tukulipe sasa hivi. Ni bima hiyo hiyo imevaa kanzu. Ikatae.

Chati yenyewe wala usijitese kuimaliza kichwani, mle dukani kwa kasino wanauza kikadi chake na wanakuruhusu ukiweke mezani ukiangalie, alimradi usicheleweshe wenzako. Miezi yangu mitatu ilikuwa inauzwa mle dukani karibu na fulana.

Na mkuu mkienda wanne mtavutana. Mmoja ataona meza ya dola 15 haina watu wengi atasema tukae hapa hapa tumechoka, na miguu itakuwa inauma kweli, zile kasino ukubwa wake unatembea kama unatoka Kariakoo mpaka Posta. Hapo ndo mtapigwa. Mwezi wa pili nilipita tena, nikazunguka kasino tatu, dakika kama arobaini, meza zote za dau dogo ni 6 kwa 5 na zimejaa watu, wanacheka, wanapiga picha. Nikaipata ya 3 kwa 2 nyuma kabisa, dau la chini 25. Nikakaa saa moja na dola 500 niliyokuwa nimeiaga kabisa, nikainuka nimepungua 60, nikaenda kula, nikalala. Bati za mama nilikuwa nimeshatuma kabla sijaingia.

Sasa niambie hiyo meza yako ya dola 15 iko Strip au iko mjini kati kule Fremont? Maana Fremont nimeshakuta 3 kwa 2 kwa dau la chini kuliko Strip, na kama mtafika Ijumaa jioni ujue dau wanapandisha, bora uzunguke asubuhi ukisoma vitambaa wakati meza ziko tupu. Kama una picha ya hiyo meza iweke hapa tuione imeandikwa nini.