Nikubali binti yangu arushwe darasa?

SWALI: Mwalimu, pokea salamu zangu. Binti yangu ana miaka tisa, yuko Gredi ya 4 hapa Nyalenda. Hesabu humaliza wenzake wakiwa bado wanapiga mistari daftarini, kisha anapiga gumzo na kuadhibiwa. Mwalimu wake anashauri Januari tumpeleke Gredi ya 6 moja kwa moja. Baba yake amefurahi, mimi moyo unasita. – Mama K., Kisumu

JIBU: Mama K., mimi mwenyewe nilirushwa. Mwaka 1974, katika shule moja upande wa Muhoroni, nilitolewa darasa la tatu katikati ya mwaka nikaketishwa la tano. Kwa kusoma hakuna aliyenishinda. Lakini akisami zilifundishwa la nne, na hakuna aliyekumbuka hilo. Wiki nzima nilitazama ubaoni namba zimekaliana, nisijue ni nini. Dada yangu ndiye aliyeniokoa: jioni alikata muwa vipande sita, tukala viwili, akaniuliza umebaki muwa kiasi gani.

Kwa hiyo sipingi mtoto kusogezwa mbele. Ripoti ya Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, ya mwaka 2004 ilionyesha kwamba watoto wenye vipaji wakisogezwa kwa mpango, kwa kawaida hunufaika. Ninachopinga ni kumsogeza kabla ya kujua anaacha nini nyuma.

Umeniandikia habari za hesabu tu. Basi mwombe mwalimu mkuu somo hilo moja asome na Gredi ya 5, mengine abaki na wenzake. Ratiba ndiyo huwa kikwazo. Omba vipindi vya hesabu vya madarasa hayo mawili viwekwe wakati mmoja. Ikishindikana, mwalimu wake ampime kabla ya kuanza mada mpya, na akikuta anaijua, ampe maswali mazito zaidi badala ya kumwacha akae bure. Gumzo lile, Mama, ni njaa ya kazi. Hastahili adhabu.

Kuhusu Gredi ya 6, kwanza apewe mtihani wa mwisho wa Gredi ya 5, masomo yote, Kiswahili na Sayansi pia. Uliza vilevile shule itafanyaje kuhusu tathmini za Baraza la Mitihani la Kenya (KNEC) za Gredi ya 5 ambazo atazikosa. Mwisho wa Gredi ya 6 kuna KPSEA, tathmini ya kitaifa ya kumaliza shule ya msingi, ambayo huchangia asilimia 20 ya alama za kumpangia shule ya sekondari ya juu. Si mahali pa kufika ukihema.

Usiogope kubisha milango. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 44, inawahesabu watoto wenye vipaji vya pekee miongoni mwa wenye mahitaji maalum. Nenda kituo cha EARC, kinachopima mahitaji ya elimu ya watoto, apimwe, urudi shuleni na karatasi mkononi.

Jambo moja limenikaa rohoni. Barua yako ina mwalimu, ina baba, ina wewe. Binti mwenyewe amesemaje?