Barua za Wachoraji: Kabla Hujapanga Meza ya Vibonzo

Barua za safari hii zimetoka Tanga na Bagamoyo, na wenyewe ni watu wa karatasi: wanachora, wanachapa kwa pesa zao, na sasa wanataka kuuza. Swali la kwanza na la pili tumeyajibu kwa marefu. Mengine majibu yake ni mafupi, wenyewe wasituone tumewadharau.

Shikamooni wahariri. Sisi ni vijana wawili wa Makorora, Tanga. Tumemaliza kitabu cha vibonzo cha kurasa 24, saizi ya A5, na tumepewa nusu meza kwenye kongamano kubwa la vibonzo Nairobi, siku mbili. Tunaambiwa watu huja kwa maelfu. Tuchape nakala 500 au 1,000?

Marahaba. Chapeni 80.

Maelfu wataingia ukumbini, ni kweli, lakini kitabu cha mchoraji asiyejulikana hakijiuzi. Mtu lazima asimame, akishike, aulize kinahusu nini, ajibiwe, afunue kurasa mbili tatu, ndipo mkono uende mfukoni. Hiyo ni kama dakika 4. Siku ya saa 8 ina dakika 480, yaani mazungumzo 120 kama hamli wala hamwendi msalani. Toeni saa 2 za ukumbi kupoa: asubuhi watu huzunguka meza zote kwanza bila kununua, na mashindano ya mavazi (watu waliovaa kama wahusika wa vibonzo) yakianza jukwaani, wenye meza hubaki kutazamana. Yamebaki mazungumzo 90. Akinunua mmoja kati ya watano, mmeuza nakala 18 kwa siku, 36 kwa siku mbili. Mkiwa na ulimi mtamu na akanunua mmoja kati ya watatu, ni 60. Zinazobaki ni za akiba, za kumpa mwandishi wa habari atakayepita, na moja ya kuchakaa mezani kwa kusomwa. Na msiseme mko wawili basi hesabu izidishwe mara mbili. Mbele ya nusu meza wanasimama wateja wawili kwa kubanana. Mmoja wenu aongee, mwingine apokee pesa na kufunga mzigo.

Nakala 80 za karatasi ya gramu 80 (kwa mita moja ya mraba) ndani na jalada la gramu 200 zina uzito wa kilo 3 tu. Hilo nalo lina faida yake safarini.

Sasa jambo chungu. Tuseme meza, nauli, malazi na chakula vimefika shilingi 600,000 za kwetu. Kila nakala imewagharimu 1,800 kuchapa na mnaiuza 5,000. Faida ya nakala moja ni 3,200, na ili mrudishe 600,000 lazima muuze 188. Hamtaziuza, tumeshaona kwa nini. Kwa hiyo kitabu peke yake hakilipi safari. Kinachosaidia ni vitu visivyohitaji maneno: stika, picha moja moja za A5, kadi. Mtu anaona stika, anacheka, analipa, anaondoka, yote ndani ya nusu dakika. Kingine ni kumchora mteja papo hapo kwenye karatasi ya A6, mchoro wa dakika 10. Chukueni pesa kwanza, andikeni jina lake kwenye orodha, na kama ukumbi unafungwa saa 12 jioni, acheni kupokea oda saa 10. Wachoraji wengi hukwama hapo: wanapokea oda 15 mchana, jioni wanachora huku wenzao wanakunja meza na wateja wamewasimamia kichwani.

Bei ifuateni noti. Kenya kuna noti za 50, 100, 200, 500 na 1,000. Ukiandika 250 utahangaika na chenji siku nzima. Andikeni 300 au 500. Wengi watalipa kwa simu, ila msiende bila noti za 100 zisizopungua 30. Kuhusu simu, laini ya Kenya ichukueni mapema kwa pasipoti, mjaribu kupokea pesa kabla ya siku ya kwanza. Mteja akishasema “nitarudi baadaye” kwa sababu malipo yamegoma, hesabuni ameenda.

Na meza yenyewe. Meza ya kawaida ni futi 6, kwa hiyo nusu yenu ni kama sentimita 90 kwa upana, 75 kwa kina, na urefu kutoka chini kama 75. Kanga moja ni takriban sentimita 150 kwa 110. Ukiigeuza isimame, 150 inafunika juu ya meza na kushuka mpaka sakafuni, na chini mtaficha maboksi. Ubaya wake ni miwili. Jina la kanga litalala ubavu, halisomeki. Na maua ya kanga yanayameza majalada yenu. Tandikeni kaniki juu, kanga iwe ya mbele tu. Majalada yanang'aa juu ya kaniki kama samaki kwenye barafu.

Msilaze vitabu vyote. Mtu anayepita hatua tatu kutoka mezani haoni kitabu kilicholala, anaona ukingo wake. Simamisheni nakala mbili au tatu kwenye kitu cha ngazi, hata kreti ndogo ya mbao iliyolazwa, jalada lifike usawa wa kifua cha mtu aliyesimama. Rundo liwe la nakala tano, si 40: rundo kubwa linamwambia mteja kwamba hakuna aliyenunua. Bei iandikwe kwa tarakimu za urefu wa sentimita 4. Wako watu, tena wengi, wenye haya ya kuuliza bei.

Mwisho, sentensi moja ya kukieleza kitabu muijue kama mnavyojua majina yenu. “Ni kisa cha msichana wa Tanga anayesikia samaki wakiongea” inatosha. Msimulizi anayeanza na sura ya kwanza mpaka ya mwisho hamwachii mteja sababu ya kununua.

Mimi ni mama wa watoto wawili, Dunda, Bagamoyo. Nachapa vitabu vyangu nyumbani kwenye A4, nakunja viwe A5, napiga pini. Vinaachama kama chaza, na pini zinaanza kutu kabla hata ya siku ya kuuza. Nimeweka matofali juu yake usiku kucha, wapi!

Mama, tofali halina kosa. Kosa liko kwenye uzi wa karatasi.

Karatasi ya kiwandani ina nyuzinyuzi zinazolala upande mmoja, kama mkeka. Ukikunja kufuata nyuzi, mkunjo unakaa. Ukikunja kwa kuzikatiza, zinapigana kurudi, ndiyo kitabu kinaachama. Karatasi ya bondi ya A4 ya dukani mara nyingi nyuzi zake hufuata ule upande mrefu, na wewe unapotengeneza A5 unakunja kwa kuukatiza upande huo huo. Hewa ya bahari inaongeza: nyuzi zikinyonya unyevu zinatanuka kwa unene kuliko kwa urefu, na jalada nalo linajikunja.

Pima hivi. Chukua karatasi moja, ilowanishe upande mmoja kwa kitambaa chenye maji, iweke mezani. Itajiviringisha kama bomba. Bomba linaelekea kule ziliko nyuzi. Kisha nunua bondi ya A3 ya gramu 80, ipime vilevile. Kama nyuzi zinafuata upande mrefu wa A3, mwambie mtu wa stesheneri aikate katikati kwa gilotini. Utapata A4 ambazo nyuzi zake zinafuata upande mfupi, na mkunjo wa A5 utalala nazo. Jalada lipime pia, na hili usilikunje kwa kidole. Weka rula, pitisha mgongo wa kijiko au kalamu iliyokwisha wino mara mbili, ndipo ukunje. Vinginevyo wino unapasuka kwenye mgongo na mstari mweupe unatokea.

Pini: acha kabisa, shona. Kitabu cha kurasa 24, ukihesabu na jalada, ni karatasi 5 za A4 na jalada. Toboa matundu matatu kwenye mkunjo, moja katikati, mengine sentimita 5 juu na 5 chini. Ingiza uzi wa pamba kutoka ndani kupitia tundu la kati, toka nje, ingia la juu, shuka kwa ndani moja kwa moja mpaka la chini ukiliruka la kati, toka nje, kisha rudi ndani kwa la kati. Funga fundo juu ya ule uzi mrefu. Dakika 3 kwa kitabu ukishazoea, na uzi haushiki kutu. Wateja wanaupenda kuliko pini, hilo utaliona mwenyewe.

Baada ya kushona, kata ukingo wa mbele milimita 3, kwa sababu karatasi za ndani husukumwa nje na zile zilizozizunguka. Kwa hiyo unapochora, maneno na nyuso za watu zikae milimita 10 ndani ya ukingo. Na kama rangi ya bahari yako imetoka imefifia kama maji ya kufulia, si printa mbovu: buluu kali ya skrini hutengenezwa kwa mwanga, wino hauifikii. Geuza faili liwe la rangi za uchapaji kabla ya kupaka rangi, si baada.

Vitunze kwenye ndoo kubwa yenye mfuniko wa kubana, pamoja na vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja na viatu vipya.

Nitapeleka vitabu 150 Nairobi kutoka Tanga kwa barabara. Forodhani kuna shida? (Chumbageni, Tanga)

Ukipitia mpaka wa Horohoro, upande wa pili, Kenya, ni Lunga Lunga, halafu kivuko cha Likoni, na kutoka Mombasa unaweza kupanda treni ya SGR (reli ya kisasa). Pasipoti au hati ya dharura ya safari, na mzigo wako uutaje mwenyewe kabla hujaulizwa. Beba risiti ya mchapaji na karatasi moja yenye orodha: nakala ngapi, bei ya kila moja, jumla, zimechapwa Tanzania. Mtu aliyefika na boksi lisilo na karatasi yoyote ndiye anayechelewesha basi zima.

Kinachowaponza wengi ni mifuko. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2017, nasi hapa tangu Juni 2019. Wachoraji huvika vitabu mifuko ya nailoni ili vionekane vya thamani, kisha wanalazimika kuivua mpakani. Tumia bahasha za kaki na mhuri wako juu yake. Mzigo ugawe maboksi mawili ya kilo 3 hivi kila moja. Likilowa moja kivukoni, bado unayo meza.

Naweza kuuza picha za Spider-Man nilizochora mwenyewe? Watoto ndizo wanazotaka. (Ngamiani)

Mkono ni wako, mhusika si wako. Marvel ndio wenye vibonzo vyake, na kuuza picha zake bila ruhusa yao ni kuuza mali ya mtu. Kwenye makongamano makubwa utaziona meza nyingi zinauza picha za namna hii. Wenye haki wakiwanyamazia leo, hawajawapa ruhusa. Soma masharti ya waandaaji: wengine hukataza kabisa, wengine huweka kikomo. Zilizochapwa kutoka intaneti, kazi ya mchoraji mwingine, zinaweza kukufukuzisha siku hiyo hiyo.

Abunuwasi, Sungura na Fisi, Fumo Liyongo, hao ni wa ngano na hawana mwenyewe wa kukushtaki. Ila mchore wako. Usiige sura aliyoibuni mchoraji mwingine. Mhusika uliyemzaa mwenyewe analindwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 tangu ulipomchora. Kumsajili COSOTA (ofisi ya hakimiliki ya Tanzania) kunakupa ushahidi, na ushahidi ndio unaotafutwa siku ya ugomvi.

Ndoto yangu ni Comic-Con, kongamano la vibonzo la San Diego. Nikifika mlangoni nitapata tiketi? (Bagamoyo)

Hapana. Kongamano hilo la Marekani lilianza 1970 na siku hizi huvuta zaidi ya watu 100,000, na mlangoni hawauzi. Unafungua kwanza akaunti ya uanachama kwenye mtandao wao, kisha unasubiri siku ya mauzo, miezi mingi kabla. Meza za wachoraji nazo ni za kuomba na kuchaguliwa. Anza na Nairobi.

Tamasha la TaSUBa, chuo cha sanaa cha Bagamoyo, likija nataka kuuza nje, chini ya turubai. Kuna la kuangalia? (Magomeni, Bagamoyo)

Upepo. Ukumbini jalada linasimama lenyewe, ufukweni halisimami. Bango la kusimama la mita 2 litageuka tanga. Lifunge kwenye nguzo ya turubai juu na chini, au liache nyumbani. Vitabu vivutie mpira mmoja kwa urefu, karibu na mgongo ili jalada lisipate alama. Picha moja moja zipange kwenye kamba kwa vibanio viwili kila moja, kwa sababu kibanio kimoja kinaizungusha picha mpaka ichanike kona. Meza iwe na mgongo kwa bahari, upepo ukupige wewe kwanza.