Miaka ya 70: kura yangu naipa Stevie Wonder

Ndugu yangu, umeuliza kama kuna albamu ya miaka ya 70 inayoweza kuizidi Exodus ya Bob Marley. Kwangu ipo: Songs in the Key of Life ya Stevie Wonder, ya mwaka 1976.

Exodus siibezi hata kidogo. Marley alipigwa risasi nyumbani kwake Kingston Desemba 1976, akaenda London, na katikati ya 1977 albamu ikatoka. Upande wa kwanza wa santuri ni mzito, umejaa hukumu na safari. Ukiigeuza, unakutana na mapenzi na faraja. Siku hizi watu wanadonoa wimbo mmoja mmoja na mpangilio huo wote unapotea. Inaniuma kweli.

Lakini huyu Stevie alikuwa na miaka 26 tu! Alijaza santuri mbili nzima, nyimbo zikabaki, ikabidi iongezwe santuri ndogo ya nyimbo 4. Jumla 21. Humo utakuta jazi, fanki, gospeli, vilio vya maskini wa mjini, na ule wimbo wa kumpokea binti yake mchanga, ambao kinanda cha mdomo kinacheka mpaka mwisho. Kila nikiusikia napata machozi.

Wengi husema albamu ni ndefu mno. Sikubaliani nao. Anzia upande wa tatu, usiruke wimbo hata mmoja, kisha rudi tubishane.