Kuhamia RV moja kwa moja: mmeuliza, tunajibu

Maswali ya safari hii yametoka kwa wasomaji walioko Marekani wanaotaka kuachana na kodi ya apatimenti na kuishi mwaka mzima kwenye RV, yaani gari au trela lenye vitanda, jiko na choo ndani. Tumeyafupisha.

Tumeona trela la futi 30. Muuzaji anasema litabeba vitu vyote vya watu wanne. Kweli?

Mwacheni muuzaji, someni kibandiko cha njano karibu na mlango. Kimeandikwa uzito wa mizigo usiopaswa kuzidi. Tuseme ni pauni 1,400. Galoni moja ya maji ina pauni 8.3, kwa hiyo tangi la galoni 40 likijaa limeshakula 332. Betri mbili za asidi, ambazo mara nyingi hufungwa baada ya trela kutoka kiwandani, zinakula kama 120. Zimebaki 950 hivi kwa nguo, masufuria, vifaa, viti vya nje, na ile cherehani ambayo mama hataki kuiacha. Watu wanne wanaohama kikweli huzimaliza kabla hawajafika kwenye mchele.

Mkishapakia, piteni kwenye mizani ya kituo cha malori na msome kila ekseli peke yake. Trela likizidi uzito tairi hupata moto, na tairi likipasuka kwenye mwendo huchana sakafu na mabomba yaliyo juu yake. Umri wa tairi uko kwenye tarakimu nne za mwisho za namba ya DOT iliyochapwa ubavuni mwake: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Sisi tairi la trela likipita miaka sita tunalitoa, hata kama kashata bado zimesimama.

Choo kinanuka na tangi halitoki lote. Tumeshanunua dawa za kila aina.

Acheni kununua dawa. Karibu kila mara chanzo ni valvu ya tangi la choo iliyoachwa wazi mkiwa kambini. Maji hukimbia, kinyesi na karatasi hubaki, hukauka na kujenga kichuguu chini kabisa ya choo. Fungeni valvu, jazeni maji mpaka robo tatu, endesheni taratibu mwendo mfupi yatikisike, kisha mwageni. Rudieni mpaka yatoke meupe. Kichuguu cha miezi mingi hakiondoki kwa mara moja.

Baada ya hapo, kila mkimwaga rudisheni galoni tatu hadi tano za maji kwenye tangi tupu, na msimwage tena kabla halijafika theluthi mbili. Anzeni na tangi la choo, ndipo la maji ya kuogea, yapate kuusuuza mpira wa kumwagia. Vitambaa vya kupangusia watoto viende kwenye pipa la taka, hata kama pakiti inasema vinafaa chooni. Na mpira wa maji ya kunywa usihifadhiwe pamoja na wa maji machafu.

Soketi ni ya ampea 30. Kiyoyozi na maikrowevu vikiwaka pamoja umeme unakata. Kambi inatuibia?

Hesabu ndiyo inayokataa. Ampea 30 kwa volti 120 ni wati 3,600. Kiyoyozi ni 1,500 hivi, maikrowevu karibu sawa na hizo, hita ya maji 1,400: mmefika 4,400. Hita ihamishieni kwenye gesi. Soketi ya ampea 50 ina nyaya mbili za moto (zinazoleta umeme), kila mmoja ampea 50, kwa hiyo inatoa wati 12,000. Volti za nguzo ya umeme ya kambi zikishuka chini ya 104 zimeni kiyoyozi, kompresa isije ikaungua. Ile adapta ya kuchomeka kwenye soketi ya gereji ya shemeji ni ya taa na kuchaji betri. Mkiwashia kiyoyozi, plagi inayeyuka.

Bila nyumba, anwani yetu itakuwa ipi?

Wengi huchagua South Dakota, Texas au Florida: hakuna kodi ya mapato ya jimbo, na kuna huduma za kupokea barua na kukutumia ulipo. Leseni, usajili na bima viwe vya jimbo hilo hilo. Kampuni ya bima iambieni wazi kwamba mnaishi humo. Bima ya likizo inaweza kugoma kulipa. Kabla ya kuchagua jimbo, ulizeni bima ya afya inakubalika wapi nje yake. Asiye raia ana siku 10 za kuijulisha USCIS, idara ya uhamiaji ya Marekani, anwani mpya, kwa fomu ya AR-11 au mtandaoni. Hili watu hulisahau mpaka kadi yao ya uhamiaji ipotelee njiani.

Baridi ikiingia madirisha yanatiririka maji.

Kila pauni ya propeni ikiungua hutoa pauni 1.6 za maji kama mvuke. Hita isiyo na bomba la kwenda nje ndiyo mbaya zaidi, kwa mvuke na kwa hewa ya sumu pia. King'ora cha kaboni monoksaidi kisikosekane. Tumieni hita ya RV yenyewe, acheni tundu la dari wazi kidogo, na maharage yachemkie kwenye presha kuka ya umeme. Inueni godoro kila wiki: ukungu huanzia chini yake, pale linapogusa ubao wa baridi.